Mitaa na vivutio vya jiji la Mwanza

Mwanza ni jiji la kaskazini mwa Tanzania lililoko kwenye mwambao wa kusini wa Ziwa Viktoria. Ni jiji la pili kwa ukubwa nchini baada ya Dar es Salaam, na ni makao makuu ya Mkoa wa Mwanza. Lina wilaya mbili: Nyamagana upande wa kusini, yenye Halmashauri ya Jiji la Mwanza, na Ilemela upande wa kaskazini, yenye Halmashauri ya Manispaa ya Ilemela. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.1 katika wilaya hizo mbili kwa pamoja.

Watu wengi huliita "Jiji la Miamba" kwa sababu ya mawe makubwa yaliyopandana juu ya vilima vyake na hata ndani ya maji. Miamba na ziwa ndivyo vilivyoamua sura ya mji: mahali pa kupitisha barabara, mahali pa kujenga, na nani akae wapi. Kwa hiyo anayetaka kuifahamu mitaa ya Mwanza hana budi kuanza na mawe na maji.

Miamba na ziwa

Miamba ya Mwanza ni ya itale (matale). Ilifanyika chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita kutokana na uji wa mawe uliopoa polepole. Baadaye udongo uliofunika itale ulimomonyoka. Maji yalipenya katika nyufa za mwamba na kuula pembezoni, mpaka yakabaki mawe ya mviringo yaliyokaa moja juu ya jingine kana kwamba mtu ameyapanga. Hakuna aliyeyapanga. Ni kazi ya mvua, jua na muda mrefu.

Ziwa Viktoria lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, na uso wake uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Tanzania, Uganda na Kenya zinaligawana. Pamoja na upana huo ziwa si refu kwenda chini: sehemu yenye kina kikubwa ina mita 80 hivi tu. Maji yake hutoka kwa Mto Naili unaoanzia Jinja nchini Uganda. Mji wenyewe uko kwenye rasi iliyo kati ya Ghuba ya Mwanza upande wa magharibi na Ghuba ya Speke upande wa kaskazini mashariki.

Kwa kuwa Mwanza iko nyuzi mbili na nusu hivi kusini mwa ikweta, lakini juu ya mwinuko, joto lake si kali kama la Dar es Salaam. Mvua hunyesha hasa kuanzia Oktoba au Novemba hadi Mei. Miezi ya Juni hadi Septemba ni mikavu.

Jina na historia

Jina Mwanza linatokana na neno "nyanza", ambalo maana yake ni ziwa. Wenyeji wa eneo hili ni Wasukuma, lakini tangu zamani wamechanganyika na Wakerewe, Wakara, Wajita, Wazinza, Wahaya na wengine. Baadaye walifika pia Waarabu na Wahindi kwa ajili ya biashara.

Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke alifika hapa akitokea Kazeh (Tabora), alikomwacha mwenzake Richard Burton akiwa mgonjwa. Alipoliona ziwa alilipa jina la malkia wake, Viktoria, na akadai kwamba ndilo chanzo cha Naili. Burton hakukubali, na ubishi uliendelea mpaka Henry Morton Stanley alipolizunguka ziwa kwa mashua mwaka 1875. Mapokeo yanasema Speke aliliona ziwa akiwa juu ya kilima cha Isamilo. Wenyeji, bila shaka, walikuwa wakilivua na kulivuka kwa karne nyingi kabla yake.

Wajerumani walianzisha kituo chao cha utawala Mwanza mwaka 1892. Waingereza waliuteka mji mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na tangu hapo pamba ya Usukuma ilikuwa na njia ya kufika baharini. Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba waliunda vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 kuwa shirikisho kubwa. Kiongozi wake, Paul Bomani, baadaye akawa waziri wa fedha wa Tanganyika huru. Mwanza ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2000.

Katikati ya jiji

Eneo la katikati liko kwenye bonde dogo kati ya vilima na maji. Barabara kuu tatu hutoka hapo: ya Kenyatta kwenda kusini kuelekea Nyegezi na Shinyanga, ya Nyerere kwenda mashariki kuelekea Musoma, na ya Makongoro kwenda kaskazini kuelekea uwanja wa ndege. Mgeni anayezishika barabara hizo tatu hawezi kupotea kwa urahisi.

Hapa ndipo zilipo benki, maduka ya jumla, Soko Kuu, misikiti, makanisa na mahekalu ya Wahindu. Eneo la Makoroboi limepata jina kutokana na koroboi, yaani vibatari vya mafuta ya taa vilivyotengenezwa hapo na mafundi wa bati kwa makopo yaliyokwisha kutumika. Katika soko la Mlango Mmoja watu wengi hufuata nguo za mitumba. Juu ya kilima kinachoitwa Robert Koch, kwa jina la daktari Mjerumani aliyegundua vimelea vya kifua kikuu, kuna jengo la wakati wa Wajerumani.

Karibu na kivuko cha Kamanga, mita chache kutoka ufukweni, limesimama Jiwe la Bismarck, alama inayojulikana kuliko zote za Mwanza. Ni rundo la miamba lililotoka majini, na jiwe la juu linaonekana kama litaanguka wakati wowote. Wajerumani walilipa jina la Otto von Bismarck, chansela wao wa kwanza. Picha nzuri hupigwa jioni, jua linapotua nyuma yake upande wa Sengerema.

Capri Point na Bugando

Kusini magharibi mwa eneo la katikati kuna rasi ndogo ya Capri Point. Tangu ukoloni ni mtaa wa watu wenye uwezo: nyumba kubwa zenye bustani, hoteli, na barabara inayopita kando ya maji. Mandhari yake ni tulivu, na wakazi wengi wa jiji huenda huko siku za mapumziko kutembea na kupunga upepo.

Kilima cha Bugando kinaonekana kutoka karibu kila pembe ya mji kwa sababu ya jengo refu la hospitali lililo juu yake. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando ilifunguliwa mwaka 1971, nayo ni mali ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania. Hupokea wagonjwa wa mikoa yote ya Kanda ya Ziwa, na pembeni yake kuna chuo kikuu cha tiba. Kwa familia nyingi za Geita, Kagera, Mara, Simiyu na Shinyanga, safari ya kwanza ya kufika Mwanza ilikuwa ya kumleta mgonjwa Bugando.

Mitaa ya vilimani

Katika miji mingi ya dunia, nyumba za kilimani zenye kuona maji ni za matajiri. Mwanza ina hali hiyo Capri Point na kwenye sehemu za Isamilo, lakini vilima vingi vinakaliwa na watu wa kipato cha chini. Mitaa ya Igogo, Bugarika, Mabatini na sehemu nyingine za Isamilo ilikua haraka tangu miaka ya 1970, watu walipohamia mjini kutafuta kazi. Ardhi tambarare ilikuwa imekwisha kugawanywa. Iliyobaki ilikuwa miamba, na watu wakajenga kati ya jiwe na jiwe.

Nyumba nyingi zimeegemea mwamba, na nyingine zimeutumia kama ukuta wa nyuma. Njia ni vijia na ngazi, kwa hiyo gari la wagonjwa, la zimamoto au la kuzoa taka haliwezi kupanda. Zamani maji yalibebwa kwa ndoo kutoka chini, kazi iliyowaangukia zaidi wanawake na watoto. Kuchimba choo juu ya itale ni kazi ngumu, na shimo huwa fupi. Mvua kubwa inaponyesha, maji hutelemka kwa kasi na kuchukua kila kilichoko njiani hadi bondeni. Mabatini, ulio bondeni kando ya Mto Mirongo, hupata mafuriko.

Serikali imefanya urasimishaji wa makazi katika baadhi ya mitaa hiyo, yaani kupima viwanja vilivyokwisha kujengwa na kuwapa wakazi hati, badala ya kuwabomolea. Aidha, Mamlaka ya Maji (MWAUWASA) imejenga katika baadhi ya vilima mfumo wa majitaka wa mabomba membamba yanayopita juu ya miamba, kwa kuwa kuyachimbia chini haiwezekani.

Kaskazini: kutoka Kirumba hadi Igombe

Kufuata Barabara ya Makongoro, mtu hufika Kirumba. Hapa kuna Uwanja wa CCM Kirumba, viwanja vya Furahisha vinavyotumika kwa mikutano ya hadhara na maonyesho, na jengo kubwa la maduka la Rock City Mall. Kando ya ziwa kuna soko la samaki la Kirumba Mwaloni. Dagaa wakavu, sangara wa chumvi na samaki wa kubanikwa hufikishwa hapo kwa mitumbwi na malori kutoka visiwani, kisha husafirishwa hadi Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na nchi nyingine za jirani. Korongo wakubwa wenye vipara huzurura kati ya wachuuzi wakingoja mabaki. Anayetaka kuona uchumi wa ziwa kwa macho yake aende Mwaloni asubuhi na mapema.

Mbele yake ni Bwiru, yenye shule mbili za sekondari za siku nyingi, moja ya wavulana na nyingine ya wasichana, kisha Pasiansi, penye chuo cha kufundisha askari wa wanyamapori. Uwanja wa ndege uko Ilemela, takriban kilomita 10 kutoka katikati ya jiji. Fukwe nyingi za mchanga na hoteli za ufukweni ziko upande huu. Kijiji cha Igombe na kata ya Kayenze, mbele zaidi, bado ni sehemu za wavuvi na wakulima ingawa zimo ndani ya mipaka ya manispaa.

Mashariki na kusini

Barabara ya Nyerere inapita Mabatini, Nyakato na Igoma. Nyakato ni eneo la viwanda na makazi ya watu wa kila aina. Igoma, zamani kijiji cha pembeni, sasa ni mji mdogo wenye soko lake, na pia una makaburi ya watu waliokufa katika ajali ya meli ya MV Bukoba. Mabasi ya kwenda Musoma na Kenya huanzia kituo cha Nyamhongolo.

Barabara ya Kenyatta inapita Igogo, Mkuyuni, Butimba na Nyegezi hadi Buhongwa. Butimba hujulikana kwa chuo cha ualimu kilicholea walimu wengi wa sanaa na muziki, na kwa gereza lake. Nyegezi ina kituo kikuu cha mabasi ya kwenda Dar es Salaam. Karibu nayo, huko Malimbe kando ya ziwa, kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT), kilichokuwa chuo kikuu mwaka 1998 baada ya kuanza kama taasisi ya mafunzo ya jamii mwaka 1960.

Vivutio

Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane iko ng'ambo tu ya Capri Point, mwendo wa dakika chache kwa mashua. Ina kilomita za mraba 2.18 pamoja na maji yanayoizunguka, nayo ni ndogo kuliko hifadhi zote za taifa nchini. Kisiwa kimeitwa kwa jina la Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa akiishi hapo. Mwaka 1964 kilifanywa bustani ya kwanza ya wanyama nchini, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Mgeni hutembea kwa miguu kati ya miamba akiona swala pala, tumbili, pimbi, mijusi ya rangi na ndege wengi. Shule nyingi huleta wanafunzi hapa.

Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora yako Kisesa, upande wa Barabara ya Musoma, nje kidogo ya jiji. Yalianzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyefika Bujora katika miaka ya 1950 na kupenda ngoma na mila za Wasukuma. Kuna nyumba za msonge, ngoma za watemi, zana za wahunzi na waganga, na kanisa lililojengwa kwa kufuata utamaduni wa Kisukuma. Kila mwaka mwezi wa Juni, kuzunguka sikukuu ya Ekaristi, hufanyika sherehe za Bulabo. Vyama viwili vya ngoma, Wagalu na Wagika, hushindana uwanjani kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watazamaji wengi zaidi. Kwa sababu hiyo wachezaji hutumia kila mbinu, hata kucheza na chatu.

Visiwa vya Ukerewe na Ukara hufikiwa kwa meli au kivuko kutoka Mwanza hadi Nansio. Ukerewe ndiko alikozaliwa Aniceti Kitereza, aliyeandika kwa Kikerewe riwaya ndefu juu ya maisha ya watu wake na kuitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kwa upande wa wanyamapori, lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti liko kwenye barabara ya kwenda Musoma, kwa hiyo Mwanza ni njia ya kuingilia Serengeti kutoka magharibi.

Kuhusu chakula, sato wa kukaanga au wa kuchemsha kwa ugali ndiye mlo unaotambulisha mji. Wasukuma wana pia michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na matobolwa, ambavyo huchemshwa kwanza kabla ya kukaushwa.

Samaki na mabadiliko ya ziwa

Sangara si samaki wa asili wa Ziwa Viktoria. Alipandikizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameenea kote, na viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza kwa ajili ya soko la Ulaya. Vilileta ajira na fedha za kigeni. Lakini sangara aliwala furu, samaki wadogo wa mamia ya spishi ambao hawakuwepo mahali pengine duniani, na spishi nyingi zimetoweka. Kwa sasa mvuvi mdogo hutegemea zaidi dagaa, na sangara wakubwa wamepungua kwa sababu ya uvuvi uliopita kiasi.

Usafiri wa majini na ajali

Meli zimeiunganisha Mwanza na Bukoba, Ukerewe na bandari za Uganda na Kenya kwa zaidi ya miaka mia moja. Lakini ziwa lina dhoruba za ghafla, na vyombo mara nyingi vimejazwa kupita kiasi.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitokea Bukoba, ilipinduka na kuzama ikiwa imekaribia kufika Mwanza. Iliruhusiwa kubeba watu 430 hivi. Waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 800, na hesabu kamili haikupatikana kwa sababu abiria wa daraja la tatu hawakuandikwa majina. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kinakaribia kutia nanga Ukara, na watu 228 walikufa. Kivuko hicho kiliruhusiwa abiria 101. Ajali zote mbili zinafundisha jambo lilelile: orodha ya abiria na kikomo cha mzigo ni kinga ya uhai, na abiria anayekataa kupanda chombo kilichojaa anafanya sawa.

Tangu wakati huo meli ya MV Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, imekarabatiwa, na meli mpya ya MV Mwanza, yenye uwezo wa kubeba abiria 1,200, iliteremshwa majini mwaka 2023. Tarehe 19 Juni 2025 lilizinduliwa Daraja la John Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi juu ya Ghuba ya Mwanza. Kabla yake magari ya kwenda Geita yalisubiri kivuko, wakati mwingine kwa saa kadhaa, na magari ya wagonjwa yalisubiri pia.

Maji, usafi na afya

Mwanza hunywa maji ya ziwa lilelile linalopokea maji yake machafu. Kwa miaka mingi chanzo kikuu kilikuwa mtambo wa Capri Point, wenye uwezo wa lita milioni 90 kwa siku. Katika miaka ya 2020 umeongezwa mtambo wa Butimba wa lita milioni 48 kwa siku, kwa kuwa mgao wa maji ulikuwa umekuwa jambo la kawaida katika mitaa ya juu na ya pembeni. Wakati huohuo Mto Mirongo hupita kati ya nyumba za Mabatini na katikati ya jiji, ukibeba taka na majitaka hadi ziwani, kilomita chache tu kutoka Capri Point. Mbolea hiyo hulisha pia gugumaji, mmea wa kigeni ulioenea ziwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, unaoziba njia za mitumbwi na kuwapa konokono maficho.

Konokono hao hubeba vimelea vya kichocho, ambavyo hupenya ngozi ya mtu aliye majini. Kwa hiyo anayetaka kuogelea aepuke maji yaliyotuama yenye matete, na aulize wenyeji kuhusu mamba na viboko. Aliyeoga au kuvua ziwani apimwe hospitalini baada ya wiki kadhaa. Dawa ya kichocho ipo na huponya, lakini anayerudi kwenye maji yenye vimelea huambukizwa tena.